Kipande cha Mshonaji

Novemba 4

Daftari hili lilikuwa la Enok. Alilinunua dukani, ng'ambo ya ghuba, akasema ataandika habari za upepo. Badala yake amechora ndege kurasa nne, na chini ya kila ndege ameandika jina lake. Mimi naanzia ukurasa wa tano. Herufi zangu zimekuwa kubwa. Marehemu baba alikuwa katekista, naye ndiye aliyenifundisha kuandika. Angenikemea kwa kumaliza karatasi ovyo. Lakini taa ni hafifu, na shahamu ya kuwashia imebaki kidogo.

Mwanangu Enok alipotea baharini tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita. Alikuwa akivua na mdogo wake, Josva. Kayaki, mtumbwi wake mwembamba wa ngozi, ililetwa bila mtu. Niliikagua mwenyewe mchana mbele ya wanaume wote, mshono kwa mshono, nikasema nzima. Hakuna aliyebisha. Kayaki zote za kisiwa hiki nimezivisha ngozi mimi, miaka ishirini na sita sasa. Ngozi ya ile ya Enok niliivua, na ndiyo ninayolalia.

Tumebaki mimi na Josva. Ana miaka ishirini na miwili.

Novemba 5

Upepo.

Novemba 6

Upepo. Tumekula samaki wakavu.

Novemba 11

Josva alitoka asubuhi, akarudi kabla ya adhuhuri na chewa mmoja tu, tena mdogo. Nilimpokea ufukweni.

"Mama, maji yanaingia."

"Wapi?"

"Miguuni. Nimeyasikia yakipanda."

Tuliipindua kayaki. Haikudondosha hata tone. Nikapitisha kiganja ndani, kukavu. Nilipaka shahamu kwenye mishono, kidogo, maana haipo.

Novemba 19

Vilevile. Ametoka, amerudi mapema, maji yanaingia, kukavu.

Zakeus, mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa amesimama pale akila theluji. Ni mwindaji mzuri kuliko wote hapa na hajui kunyamaza.

"Shemeji, mwanao anaogopa kulowa makalio. Mshonee nepi."

Josva aliinua kayaki kichwani akaondoka. Nilimwambia Zakeus, "Amefiwa na kaka yake, mwache." Akasema, "Na mimi nimefiwa na mtoto wa kaka yangu. Mbona mimi makalio yangu makavu?"

Novemba 27

Sasa kila mtu anasema ni ile hofu. Huwashika wanaume siku zisizo na upepo, bahari na mbingu zikiwa rangi moja. Mtu anakaa kimya na mshipi wake, mara anaona ncha ya kayaki inakwenda mbali, inakuwa nyembamba kama sindano, na maji baridi yanampanda kutoka nyayo. Maji hayapo, lakini anayasikia. Akiwa peke yake hathubutu hata kujikuna. Akiwa na mwenzake, mwenzake humsogelea ubavuni, akalaza kafi juu ya kayaki zote mbili, wakakaa hivyo mpaka ipite. Matias wa nyumba ya chini ilimshika akiwa kijana. Ni mwaka wa thelathini sasa anaparua ngozi pamoja na wanawake, na watoto humwita shangazi.

Josva akiwa hivyo, nyumba yetu imekwisha. Nyumba isiyo na mtu wa baharini haina taa wala viatu, na watu wake huishia pembeni mwa nyumba za wengine, wakila baada ya wengine.

Desemba 3

Theluji.

Desemba 14

Regine, mke wa Zakeus, amejifungua mtoto wa kiume. Wamempa jina la Enok. Nilipoingia, Regine akasema, "Dada Bolette, mwanao karudi. Njoo umwone alivyochoka na safari." Nilimpakata. Ana kidevu cha Zakeus, lakini alipiga chafya mbili mfululizo kama alivyokuwa akipiga Enok. Nilimpelekea viatu vya manyoya nilivyomshonea Enok alipozaliwa. Zakeus alimwinua juu akasema, "Haya, mtoto wa kaka, lini tunaenda kuvua?" Akacheka, halafu akatoka nje muda mrefu.

Josva hakwenda kumtazama. Anasema ana kazi.

Desemba 24

Tulisali nyumbani kwa Zakeus. Mishumaa miwili. Nilikumbuka jambo dogo. Hapa kwetu kayaki ikivishwa ngozi mpya, samaki au sili wa kwanza anayepatikana nayo, kipande cha shingo ni cha mwanamke aliyeshona. Wengine huleta bakulini kwa adabu. Enok alikuwa akikiweka moja kwa moja mapajani mwangu, kikiwa kinavuja damu, makusudi, ili nipige kelele. Nilikuwa napiga kelele hata nikimwona anakuja.

Januari 8

Josva amesema. Tulikuwa tunapangusa theluji juu ya paa, kila mmoja upande wake, hatuonani.

"Siku ile Enok aliniita. Alisema, Josva, maji yanaingia."

Niliacha kupangusa.

"Mimi nilikuwa na samaki kwenye mshipi. Nikacheka. Nikamwambia, kayaki kashona mama, labda umejikojolea. Naye akacheka. Nikaendelea kuvuta. Nilipogeuka hakuna mtu, kayaki imelala kifudifudi."

Nilimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi. Akasema, "Ningesemaje?" Kisha akasema, "Hofu ilimshika, mama. Ndivyo ilivyokuwa. Ilimshika yeye, na sasa imenishika mimi. Ni ya ukoo."

Nikamwambia ndiyo, itakuwa ni ya ukoo. Nilitaka alale.

Januari 9

Baridi kali. Vidole havishiki kalamu.

Januari 22

Ametoka mara tatu wiki hii. Kila mara anageuka kabla ya saa moja kupita. Leo nilikataa kuipindua kayaki. Nilimwambia, "Nimeshona kayaki za baba yako mpaka akafa kitandani kwa kifua. Mshono wangu hauvuji." Alinitazama kama mbwa aliyepigwa na mtu asiyempiga kawaida yake. Nilijuta, lakini sikuipindua.

Februari 6

Shahamu imekwisha. Regine ametupa kidogo. Nimewasha taa nusu na nusu nimeiweka. Ya mishono haikubaki.

Regine aliniomba nimshonee Zakeus utepe wa kayaki uliochanika. Nilimwambia anitungie uzi sindanoni, nina vidole vibaya. Akatunga, akanitazama.

Februari 18

Anga limetulia, jua jembamba. Wanaume wanasema kesho itakuwa siku ya samaki-bapa, wale wakubwa wa nje ya mwamba wa mnandi.

Nilimwendea Zakeus akinoa ndoana.

"Shemeji, kesho mchukue Josva."

"Atageuka kabla sijatia chambo."

"Ndiyo maana nakuja kwako. Akisema maji yanaingia, usigeuke naye. Usimsogelee. Usimsikilize kabisa. Akikaa humo mpaka ipite yenyewe, atapona."

Aliacha kunoa. "Unaniruhusu? Usije ukanililia baadaye."

Nilisema namruhusu. Naliandika jambo hili hapa ili isije ikasemwa kuwa alilibuni yeye.

Februari 21

Naandika habari za juzi, tarehe kumi na tisa. Jana sikuweza.

Asubuhi hapakuwa na upepo. Moshi ulisimama juu ya nyumba kama vijiti. Nilimfunga Josva kamba ya koti kiunoni ili maji yasiingie kwa juu, nikaivuta mpaka akaguna. Alitazama bahari.

"Leo ni kioo kitupu, mama."

"Kaa karibu na baba yako mdogo."

"Nitakaa."

Alikuwa na kamasi puani. Nilimfuta kwa mkono wangu na hakukwepa.

Waliondoka wawili. Nilisimama na Regine, mtoto mgongoni mwake. Baada ya muda nikamuuliza wamefika wapi. Akasema, "Dada, si hao hapo mbele ya mwamba?" Nikasema nawaona. Sikuwa naona kitu ila weupe.

Walirudi jua likigusa milima. Zakeus alikuwa akipiga kafi polepole. Nyuma yake alivuta samaki-bapa mwenye boya, mkubwa kama mlango, na nyuma ya samaki kayaki ya Josva, tupu. Nilipiga magoti kwenye barafu. Regine akanishika bega, "Yupo, yupo juu ya Zakeus." Alikuwa amelala kifudifudi mgongoni mwa kayaki ya Zakeus, amemkumbatia kiuno, kama sili aliyefungwa.

Tulimchana viatu kwa kisu. Miguu ilikuwa myeupe mpaka vifundoni, ukiigonga inalia kama ubao. Niliilaza tumboni mwangu chini ya nguo. Nilifanya hivyo alipokuwa na miaka minne, alipoangukia kwenye ufa wa barafu, na siku ile alikuwa akicheka kwa kutekenywa.

Wakati huo watu walishaingia, na samaki alishachemshwa. Zakeus akasimulia.

"Tumeshusha mishipi. Saa nzima kijana katulia. Nikasema leo ni leo. Mara, baba mdogo, maji yanaingia. Nikamwambia, yakifika shingoni niite."

Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa aibu ya kutocheka peke yangu, miguu yake ikiwa tumboni mwangu.

"Akaita tena. Nikasogea mbali zaidi, makusudi. Nikamwimbia wimbo wa kulaza watoto. Ndipo huyu bwana mkubwa akashika ndoana yangu, ananivuta kama mbwa sita. Ningemwacha? Nimehangaika naye mpaka mikono imekufa. Kugeuka, kijana kakaa majini kama bata, ncha ya nyuma haionekani. Kalala ubavu kwa woga, maji yamemwingilia kwa juu. Nikamtoa, nikambwaga mgongoni kwangu."

Josva alikuwa macho. Alisema, chini chini, "Sikulala ubavu. Nilikaa sawa muda wote. Yalitoka chini."

"Ndivyo hofu isemavyo," akasema Zakeus, akamwekea kipande cha samaki karibu na mdomo.

Nami nikamwambia mwanangu, "Nyamaza, upumzike."

Februari 28

Zakeus amemkata vidole vya miguu, vitatu kulia na kimoja kushoto, kwa kisu chake cha kuchunia. Ndiye mwenye mkono imara. Alianza utani, "Viatu vitakuwa rahisi sasa," akashindwa kuumaliza. Josva aliuma kamba. Baadaye watoto walikuja mlangoni kumuuliza kama anataka kuparua ngozi na shangazi Matias.

Machi 3

Theluji.

Machi 4

Theluji. Hakuna aliyetoka siku sita.

Machi 7

Njaa. Nyumba ya chini wamechemsha ngozi za kulalia. Kesho nitaivua kayaki ya Josva. Haitumiki tena, na ngozi yake ikilowekwa hutafunika.

Machi 8

Niliivua ndani, kwa kupapasa. Nilipofika kwenye mshono wa chini, karibu na mahali pa nyayo, niliinama kuukata uzi wa kano kwa meno, na ulimi wangu ukagusa upande wa ndani. Ukagusa kitu.

Nilipokuwa msichana, mama alinifundisha kushona kwa ulimi. Sindano inaingia katika unene wa ngozi na kutoka upande ule ule ilioingilia. Haitokezi upande wa pili. Ngozi ikitobolewa tu, shahamu inaziba tundu saa moja, saa mbili, kisha inatoka na maji yanapita. Mama alikuwa akiniambia niweke ulimi nyuma ya mshono wakati yeye anashona, halafu anaweka wake wakati nashona mimi. Ulimi wake ukichomwa, alinipiga kibao bila kusema neno. Nikiwa na miaka kumi na moja ulimi wake haukuchomwa tena.

Nilipitisha ulimi kwenye mshono ule wa Josva. Matundu tisa, yamefuatana.

Nilikaa. Kisha nikaondoa matandiko na kuivuta ngozi ya Enok niliyoilalia miezi mitano. Sikuwasha taa, maana ningewashia nini. Upande wa kushoto, mahali pa goti, matundu sita. Mbele kidogo, manne mengine.

Mwaka jana nilianza kuona kama kwa kupitia barafu. Nilisema ni moshi wa taa.

Machi 9

Josva aliniuliza mbona silali. Nilisema ni njaa.

Sijui ni siku zipi zilikuwa za hofu na siku zipi za maji. Pengine hakukuwa na hofu hata siku moja. Alikuwa akisikia tone la kwanza na kugeuka mapema, kabla matundu hayajafunguka vizuri, ndiyo maana tulikuta kukavu.

Nikisema, atajua kuwa akili yake ni nzima. Atajua pia kuwa Enok alisema kweli.

Machi 10

Theluji imekoma alfajiri. Wanaume wanne wametoka kuvua, Zakeus mbele, wote ndani ya mishono yangu. Nilikuwa mlangoni. Zakeus alipita akasema, "Shemeji, uso gani huo? Nitakuletea kichwa cha chewa." Nilifungua mdomo nikasema, "Upepo uwe mzuri."

Nilisimama ufukweni mpaka waliporudi. Wote wanne. Sijui kama kuna kitu nitafanya maishani kibaya kuliko kule kusimama.

Machi 11

Nimesema.

Nilianza na mtoto. Nilimwomba Regine nimpakate, nikamwambia sikioni, "Enok, ni mimi." Alinishika pua. Kisha nikawaambia wote, nyumbani kwa Zakeus, ngozi mbili zikiwa mapajani. Nilizungumza pole pole ili nisirudie.

Wanawake walitoka kuzishusha kayaki. Regine alipitisha ulimi mishono yote, mmoja mmoja, na baridi ile ilimchuna ngozi ya mdomo. Ya Zakeus ina matundu matatu. Nyingine ina moja. Mbili ni salama, za miaka ya nyuma.

Zakeus alikuwa amekaa na kikombe. Akasema, bila kumtazama mtu, "Mimi nilimwimbia."

Nikamwambia, "Nilikutuma."

"Hukunituma kuimba."

Halafu nikaenda kwa Josva. Alikuwa amelala, miguu imefungwa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo sina kichaa."

"Huna."

"Na Enok alisema kweli."

"Alisema kweli."

Alitazama ukutani, mahali kafi ya Enok ilipotundikwa. "Siku zote nilijiambia ilimshika hofu, hata ningemsogelea asingepona. Nilikuwa na hiyo tu, mama. Afadhali ungeniita kichaa, ukaniachia hiyo."

Machi 19

Hasemi na mimi, ila mambo ya nyumbani. Nipe maji. Funga mlango.

Machi 30

Zakeus amepata sili wawili. Hakusimulia alivyowapata. Alileta ngozi zote mbili akazilaza miguuni pa Josva, akasema, "Za kayaki yako." Josva akasema, "Asante, baba mdogo." Zakeus alisubiri kidogo, pengine atukanwe, kisha akaenda zake. Siku zote nilimdhania mtu wa maneno tu.

Aprili 2

Ngozi nyingine zimetoka nyumba ya chini. Alizileta Matias.

Aprili 16

Regine anashona kayaki ya Josva. Mimi natafuna nyuzi za kano zilainike. Ni kazi ya watoto wa kike wa miaka sita. Naifanya vizuri.

Aprili 23

Bahari kioo. Josva alichechemea mpaka majini, akakataa kushikwa mkono, akatoka peke yake. Nilikaa juu ya jiwe na Regine akaniambia anachokiona. Amepita mwamba. Ameshusha mshipi. Amekaa wima. Nilimuuliza kama anageuka kututazama. Akasema, "Hapana, dada. Anatazama maji tu." Alikaa kule zaidi ya saa tano.

Alirudi na samaki-bapa mzuri. Alimkata hapo hapo kwenye barafu na watu wakajipanga na mabakuli. Nilikuwa nimekaa, na bila kufikiri nikakunja nguo mapajani, kama zamani. Alipita mbele yangu na kipande cha shingo mkononi, akakiweka katika bakuli la Regine.

Regine akasema, "Josva, mpe mama."

"Ni cha aliyeshona," akasema.

Kisha akanipa kipande cha mkiani, sawasawa na walichopata wengine, si kikubwa, si kidogo. Nilisema asante. Akasema, "Haya, mama."

Watu walipoingia ndani kula, nilibaki. Nilitambaa chini ya kayaki yake, nikaingiza kichwa kwenye tundu la kukalia, nikapitisha ulimi kila mshono nilioweza kuufikia, mpaka mdomo ukafa ganzi. Regine ameshona vizuri. Hakuna mahali sindano imetokeza. Kukavu.